Unga Usiopenda Kukandwa

Mwaka wa kwanza nilidanganya. Wa pili uongo ukanirudia, ukiwa umezaa pai mbili.

Tulihamia Moncton, mkoa wa New Brunswick huko Kanada, mwaka 2021, majani ya miti yakiwa ndiyo yanaanza kupukutika. Sisi tunakaa juu, na chini yetu anakaa bibi mmoja Mwakadia, wa ile jamii ya asili ya Kifaransa ya huku, miaka themanini na ushee, ambaye watoto wangu walianza kumwita Mémère kabla sijauliza kama inafaa. Ndivyo wajukuu wa huku wanavyowaita bibi zao. Tarehe 24 Desemba jioni nikasikia hatua kwenye ngazi, pole pole, na kila ngazi moja pumzi moja. Nikafungua mlango. Mkono mmoja ameshika ukuta, wa pili umebeba sahani iliyofunikwa kwa foili.

"Pâté," akasema. "Ya Krismasi."

Mimi na Kifaransa changu cha Bujumbura nilijua pâté ni kitu cha kupaka kwenye mkate. Nikafunua. Kumbe ni pai ya nyama, pana, nzito, imeiva rangi ya maandazi yaliyoacha mafuta sasa hivi, na juu imechanjwa mistari midogo ya kutolea mvuke. Harufu ya karafuu ikanijia usoni. Nikauona mtaa wetu wa Buyenzi kule Bujumbura asubuhi ya Idi, sufuria za pilau uani, mama akifoka watoto wasikaribie moto.

Ila chini ya ile karafuu palikuwa na harufu nyingine, nayo niliitambua. Nguruwe.

Ningesema pale pale: samahani Bibi, sisi ni Waislamu. Lakini mzee wa watu amepanda ngazi zote zile na magoti yake yale, anatabasamu, anasubiri. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru mpaka nikapitiliza. Usiku ule pai ililala kwenye friji ndani ya mifuko mitatu kama mtuhumiwa, na asubuhi nikampelekea Mkameruni mmoja ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Mémère alipouliza, nikamwambia ilikuwa tamu mno, tuliimaliza yote. Sahani yake nikairudisha na maandazi juu, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

Sasa wewe fikiria. Umemwambia mpishi chakula chake kimekwisha siku moja. Desemba 2022 akaja na mbili. "Moja yenu, moja ya watoto, kwa kuwa mliipenda." Nikafungua kinywa nishukuru, na mwanangu wa miaka saba, kwa Kifaransa safi cha shuleni, akanitangulia: "Mama, hii si ndiyo ile tuliyompa tonton?" Tonton ni mjomba, yaani yule Mkameruni.

Laiti sakafu ingefunguka.

Mémère aliketi kwenye kiti cha kuvulia viatu pale mlangoni. Akanyamaza. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Ni kwa sababu ya nguruwe?" Nikasema ndiyo. "Mwaka mzima?" Nikasema ndiyo, nisamehe, Bibi. Akaitazama ile foili muda mrefu. Akasema wao nyumbani walikuwa watoto kumi na mbili, kijiji kimoja karibu na Bouctouche, na iko miaka ambayo nguruwe aliuzwa mzima mzima kulipa deni la dukani. "Unadhani Krismasi hiyo hatukula pâté? Tulitia sungura wa porini. Tulitia kuku aliyeacha kutaga. Njoo Januari. Lete nyama yako."

Pai hii, niseme tangu mapema, ni chakula cha usiku mmoja hasa. Wakadia ni Wakatoliki. Usiku wa mkesha wa Krismasi huenda misa ya usiku wa manane, wakirudi na baridi mifupani pâté inawangoja. Zamani nguruwe alichinjwa baridi ikishaingia, kwa hiyo nyama ilikuwepo, na friza ilikuwa ni kibanda cha nje. Walipika pai nyingi kwa mpigo, wakazipanga huko zigande, wakawa wanatoa moja moja mpaka Mwaka Mpya upite.

Na Wakadia wenyewe ni akina nani? Ni kizazi cha Wafaransa waliofika pwani hizi mwanzoni mwa karne ya 17. Port-Royal ilianzishwa 1605. Walijenga kingo za udongo kuzuia maji ya bahari, wakageuza mabwawa ya chumvi kuwa mashamba. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza: nyumba zikachomwa moto, watu wakasombwa melini, ndugu wakatenganishwa, na mambo hayo yakaendelea hadi 1763. Baadhi yao walikuja kuishia Louisiana, ambako jina lao lilikatika likawa Cajun. Wengine walirudi wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya, wakaanza upya kwenye ardhi iliyobaki. Mji wetu huu wa Moncton umebeba jina la Robert Monckton, afisa aliyeiteka ngome ya Beauséjour mwaka huo huo wa 1755 na kushiriki katika kuwafukuza. Mémère haachi kunikumbusha. "Herufi k wameitoa," husema, "lakini mtu ni yule yule."

Mimi nilitoka Bujumbura 2015 na begi moja na mtoto mgongoni, tukakaa Kigali miaka sita. Hakuhitaji kunieleza kwa kirefu, wala mimi sikumweleza yangu kwa kirefu. Tulikuwa na vitunguu vya kumenya.

Januari hiyo nilishuka na kilo moja na nusu ya bega la ng'ombe kutoka duka la nyama halali, na kiburi changu. Kiburi kwa sababu unga naujua. Nimesukuma chapati tangu nina miaka tisa. Akaniambia nianze donge wakati yeye anatafuta sufuria, nikamimina unga, mafuta ya mimea, chumvi, maji, nikakanda. Nilikanda kama nilivyofundishwa, kwa kiganja cha chini ya gumba, kunja, sukuma, geuza, dakika kumi, mpaka donge likawa laini kama shavu la mtoto na halishiki mkononi. Nikaliweka mezani kwa fahari.

Akalibonyeza kwa kidole. Lile shimo likajaa lenyewe, likapotea.

"Umeliua," akasema.

Tulilioka hivyo hivyo ili nione kwa macho yangu. Unga ulijivuta kutoka ukingo wa sahani kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto, nyama ikaachwa wazi pembeni, na kisu kiliteleza juu yake kabla ya kukubali kuingia. Meno yangu yanafanya kazi vizuri, lakini yale ya Mémère si yake.

Nilikuja kuelewa baadaye. Unga wa ngano ukipata maji na ukakandwa hujenga nyuzi zinazovutana. Chapati inazitaka nyuzi hizo, ndizo zinazoiwezesha kusukumwa ikawa nyembamba bila kuchanika. Pai inazikimbia. Kwenye pai mafuta yanatakiwa yabaki vipande, ukubwa wa kunde, yakiwa ya baridi, yamezungukwa na unga mkavu. Vikiingia kwenye moto vinayeyuka na kuacha nafasi, unyevu unageuka mvuke unasukuma, na unga unapanda matabaka matabaka. Ukikanda, umeyasambaza mafuta yote na kuzikaza nyuzi zote. Umetengeneza chapati nene yenye nyama.

Mémère hakusema hata neno moja kati ya hayo. Alisema, "Fanya kama mkono unaungua." Akachukua visu viwili, akavipitisha vikipishana ndani ya bakuli, chaka chaka chaka, akikata mafuta ndani ya unga. Halafu ncha za vidole tu, kuinua na kuachia. Halafu maji ya barafu, kijiko kimoja kimoja, akisimama mapema kuliko nilivyotarajia, wakati unga bado unaonekana kama makosa: makombo makombo, sehemu kavu zinaonekana. Akaukusanya kwa kuubana tu, akaubapua, akaufunga plastiki, akautia kwenye friji saa nzima. Mimi pembeni mikono inaniwasha. Ilinichukua mara tatu kabla haijakubali kutokufanya kazi.

Lingine lilikuwa karafuu. Nilitia kumi na mbili, nzima nzima, kama ninavyotia kwenye pilau la watu ishirini, nikijua mle ndani mtu anaitoa na kuiweka kando ya sahani. Lakini kwenye pai hakuna anayeiona inakuja. Mémère alitafuna moja, akasimamisha taya. "Ulimi umelala," akasema, akiugusa kwa kidole. "Kama kwa daktari wa meno." Karafuu hutwangwa, basi, na huwa chache. Tukabishana ni ngapi. Mabishano hayo hayajakwisha.

Niseme pia kwamba nyama haisagwi. Nilikuwa nimeuliza kwa nia njema kama ningenunua ya kusaga ili kuokoa muda. "Ya kusaga ni tourtière, pai ya watu wa Québec," akajibu, kwa sauti ile mama yangu anayotumia akiona mtu kapika wali ukashikana. Kwao nyama hukatwa mapande, hutokoswa taratibu na vitunguu mpaka inyambuke kwa uma. Kiungo kikuu ni sarriette, jani kavu lenye ukali wa pilipili manga kwa mbali na harufu iliyo ndugu wa zaatari. Huku kila jiko lina kopo lake. Kwetu sijapata kuliona.

Nikajaribu peke yangu mwezi Februari. Hapa nitapita haraka maana aibu bado mbichi. Kanada karibu kila kitu kinapimwa kwa Selsiasi, hali ya hewa, homa ya mtoto, lakini si oveni. Oveni ziko kwa Farenihaiti. Nikaweka 200, nikaenda kusali, nikarudi baada ya saa nzima nikakuta pai nyeupe pe imelala kwenye dimbwi la mafuta yake. Mia mbili za Farenihaiti ni kama 93 za Selsiasi. Hata maji hayachemki.

Lakini hata nilipopata moto, unga ukatii, karafuu zikapungua, pai yangu ilikuwa na kasoro niliyoshindwa kuitaja. Ilikuwa kavu. Siyo kwamba haina mchuzi. Nikiongeza mchuzi, kitako kinalowa, kinakuwa kama ugali uliomwagiwa maji. Nikiupunguza, nyama ya ng'ombe inabaki nyuzi nyuzi, kila unyuzi na lake. Ukikata kipande kinabomoka mezani. Ile ya Mémère, niliyoiona kwa macho bila kuionja, ilikatika kama keki, na ikipoa ilikuwa imeshikamana, inang'aa kidogo ndani.

Nilimpigia mama WhatsApp. Mama hajawahi kuona pai maishani, nilimwonyesha kwenye kamera akasema, "Ah, sambusa ya kizungu." Nikamweleza tatizo langu. Akaniuliza, "Huyo nguruwe wao anafanya kazi gani humo?"

Nikasema ni nyama, mama.

"Nyama si kazi. Nakuuliza anafanya nini. Analainisha? Anagandisha? Anatia mafuta?"

Nikakaa kimya na simu mkononi. Bega la nguruwe lina mafuta kati ya nyama na lina ngozi na mishipa, na vyote hivyo vikichemka saa nyingi hutoa ule ute unaoganda. Mimi nilikuwa nimeondoa nguruwe nikaweka ng'ombe pahali pake, jina kwa jina, kama mtu anayebadilisha balbu. Ile kazi hakuna aliyepewa.

"Kama ni kugandisha," mama akasema, "si utie kongoro?"

Kongoro! Supu ya kongoro iliyolala usiku, asubuhi unaigeuza bakuli haimwagiki. Nikarudi lile duka la nyama halali, nikachukua mguu mmoja wa ng'ombe uliokatwa mapande manne, na mapaja sita ya kuku yenye ngozi kwa ajili ya mafuta. Nikaomba nipikie kwa Mémère maana sufuria kubwa iko kwake.

Alifunua mfuniko akakuta kwato inamwangalia. Nilikuwa tayari kujitetea. Akainama, akavuta mvuke, miwani yake ikafunga ukungu, akasimama hivyo hivyo haoni kitu. "Mama yangu alitia miguu ya nguruwe," akasema. "Alitutuma nje ndipo aitie, kwa sababu dada yangu alikuwa analia akiiona." Akafuta miwani kwa aproni. "Nilikuwa nimesahau kabisa miguu. Mimi sijawahi kuitia. Dukani hununui bega na miguu pamoja."

Kwa hiyo naye, kwa miaka hamsini, alikuwa amepunguza kitu. Sikusema. Niliendelea kuondoa povu.

Mafuta ya unga nayo yana kisa chake. Wao hutumia mafuta ya nguruwe, na hayo nayo yana kazi. Nilijaribu samli kwanza, kwa mapenzi tu, kwa sababu ni yetu. Harufu yake ikiiva ni ya peponi. Lakini samli hulegea upesi. Jiko likiwa na joto inatoroka kabla hujasukuma, na unga unaotoka unavunjika kama biskuti, kipande hakiinuki mzima. Baridi kali ya Januari ilinisaidia, mwezi wa saba ikaniumbua. Siagi ndiyo iliyokaa, ila siagi ina maji ndani yake, kama sehemu moja kwa sita, kwa hiyo maji ya barafu niliyazoea kwa vijiko saba yakashuka hadi vitano. Mémère anaona siagi ni chakula cha matajiri. Hata hivyo anakula.

Siku hizi napika hivi, na inatosha pai mbili. Siku ya kwanza kongoro linaanza peke yake, saa tatu kwenye moto mdogo. Ndipo linafuata bega la ng'ombe kilo moja, mapande ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, vitunguu vitatu, chumvi, pilipili manga. Saa moja na nusu baadaye, mapaja ya kuku. Maji yafunike nyama tu, yasielee juu yake. Yakitokota kwa fujo nyama inakauka ndani ya maji, jambo ambalo nisingeliamini nisingelionja. Nyama ikinyambuka naitoa, natoa mifupa, nanyambua kwa mkono. Supu inabaki jikoni ipungue mpaka ipake kijiko. Naichanganya na nyama, natia sarriette vijiko viwili vya chai, mdalasini nusu kijiko, karafuu za kutwanga, kisha kiazi kimoja cha kuchemsha kilichopondwa. Halafu inalala kwenye friji. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, nami nilikosea: nyama ikiingia kwenye unga ikiwa ya moto, siagi inayeyuka kabla ya oveni kufanya kazi yake, na kitako hakiivi abadani.

Asubuhi unga: vikombe vitano, siagi gramu 450 iliyokatwa vipande na kugandishwa, chumvi kijiko cha chai na kidogo. Nasukuma kwa ule mti wangu wa chapati, niliokuja nao kutoka Buyenzi, mwembamba katikati. Mémère ana wake mnene wa mipini miwili lakini wangu umeuzoea mkono wangu. Unga chini, nyama ya baridi iliyoganda kama jeli, unga juu, ukingo unabanwa kwa uma, juu unachanjwa. Dakika ishirini kwenye 425, kisha 350 kwa dakika arobaini. Farenihaiti.

Desemba 2023 nilikuwa mimi niliyeshuka ngazi na sahani. Sikumkuta; alikuwa ameenda misa na binti yake. Nikarudi juu, watoto wakalala, mume wangu akalala. Yapata saa saba na nusu za usiku nikasikia hatua kwenye ngazi, pumzi moja moja, nikafungua kabla hajagonga. Theluji ilikuwa bado iko mabegani mwake. Sikumvua hata koti. Akaketi mezani, nikamkatia, na kipande kikasimama wima kwenye sahani bila kubomoka. Alitoa chupa ndogo ya molasi mfukoni, akamimina uzi mwembamba juu, jambo ambalo hakuwahi kunitajia. Mimi nikatia achari ya ndimu. Tukatazamana kila mmoja akiona mwenzake anaharibu.

Akatafuna taratibu, upande wa meno mazuri.

"Karafuu ngapi?"

"Nne, Bibi."

"Tatu," akasema, na kunisogezea sahani nimkatie kingine.